Je, Wajua? Vicheko vya Mkahawa wa Ukoo

Je, wajua kwamba familia mashuhuri kuliko zote za wapika baga katika katuni nusura iwe familia ya wala watu? Soma tena, hukukosea! Loren Bouchard alipolipeleka wazo la Bob's Burgers kwa wakubwa wa televisheni ya Fox, wale baba, mama na watoto watatu walikuwa na mkahawa wao, na nyama za watu walikuwa wakila. Fox wakaipenda familia, wakaupenda mkahawa, ulaji wa watu wakaukataa. Harufu yake lakini haikutoka yote: sehemu ya kwanza kabisa inahusu uvumi kwamba baga za Bob zimetiwa nyama ya maiti. Kwani jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni nani? Ni nyumba ya mazishi yenye tanuri la kuchomea maiti!

Sehemu hiyo ilirushwa Marekani tarehe 9 Januari 2011, na hadi sasa zimeshapita 250. Hebu tuzipigie hesabu ya kwetu Muscat. Tamthilia ya Ramadhani huku Ghuba huwa na sehemu 30 hivi, moja kila usiku. Kuimaliza Bob's Burgers kwa mwendo huo unataka zaidi ya Ramadhani nane nzima!

Na sauti je, umezisikiliza vizuri? Linda, mama wa nyumba, anayeimba akipangusa meza, sauti yake ni ya mwanamume: John Roberts. Tina, binti mkubwa wa miaka 13, naye sauti yake ni ya mwanamume: Dan Mintz. Siri ya Tina ni kwamba mwanzo alikuwa mvulana, jina lake Daniel. Wakamgeuza msichana, sauti wakaiacha pale pale.

Subiri, hujasikia bado. H. Jon Benjamin, anayemsemea Bob, ndiye huyo huyo aliyemsemea jasusi Archer katika katuni nyingine kabisa. Basi mwaka 2013 msimu mpya wa Archer ukafunguka na jasusi amepoteza kumbukumbu, kasimama jikoni anakaanga baga, watoto wanamwita baba, na yeye mwenyewe anajijua kuwa ni Bob! Mtu mmoja, sauti moja, katuni mbili.

Ukiitazama tena, litupie jicho duka la jirani pale mwanzoni wakati muziki unapiga. Jina lake hubadilika kila sehemu! Na ule ubao wa "baga ya leo" nao hauna baga mbili za jina moja wiki kwa wiki. Shabiki mmoja alianza kuzipika nyumbani kwake, moja baada ya nyingine, kwa viungo vya kweli, mpaka mwaka 2016 kikatoka kitabu rasmi cha mapishi. Tuzo ya Emmy ya katuni bora wameichukua mara mbili, 2014 na 2017, na mwaka 2022 mkahawa ukaingia sinema.

Sasa turudi nyumbani. Wajua Televisheni ya Oman ilianza kurusha matangazo yake hapa Muscat lini? Tarehe 17 Novemba 1974, siku moja tu kabla ya Siku ya Taifa ya enzi hizo! Na wale waliorudi kutoka Unguja miaka hiyo hawakushangaa kuona picha zikitembea ndani ya sanduku, maana Zanzibar walishaiacha televisheni ikiwaka, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika yote kusini mwa Sahara. Tanzania Bara walikaa mpaka mwaka 1994 ndipo wakapata yao!

Ukimuuliza mtu mzima yeyote wa Ghuba ni vichekesho gani vilivyomfanya acheke mpaka mbavu zikamuuma, atakutajia Darb al-Zalag ya Kuwait, ya mwaka 1977. Ndugu wawili wanalipwa fidia ya nyumba yao, pesa zinawawasha mikononi, wanaingia biashara hii, inakufa, wanaingia ile, inakufa. Sehemu zake ni 13 tu! Na yule mama yao, bibi kizee aliyejifunika na anayewafokea wanawe, wajua ni nani? Ni Abdulaziz Al-Nimish, mwanamume mzima, aliyewaigiza akina mama mpaka watazamaji wakasahau kabisa kwamba si mama.

Wewe uliyeko Ruwi au Al Khuwair, toka nje jioni moja usikilize honi. Kwenye kofishopu za Muscat mteja hashuki garini! Anasimama mbele ya mlango, anapiga honi mara moja, kijana anatoka mbio, anasikiliza huku ameinamia dirisha, na haichukui muda chai ya karak inapita dirishani katika kikombe cha karatasi, moto hata unalazimika kubadilisha mkono. Mtazame kijana huyo akitengeneza paratha ya Chips Oman. Pakiti anaiponda kwanza ikiwa bado imefungwa, ili chipsi zivunjike humo humo zisimwagike. Kisha anapaka jibini laini kwenye paratha, anazimimina, anadondosha pilipili, anaikunja, anaiviringisha karatasi. Dakika mbili hazifiki. Nani kasema jiko la kofishopu halitoshi kuwa jukwaa?

Vijana wengi wa kofishopu hizo ni watu wa Kerala, na wao wana filamu yao ya mkahawa wa ukoo inayowatoa machozi. Inaitwa Ustad Hotel, ya mwaka 2012: mjukuu anayetaka kuwa mpishi, babu mwenye hoteli ya biriani ufukweni Kozhikode, na baba asiyetaka kusikia habari za sufuria. Ilipata tuzo ya taifa ya India ya filamu pendwa. Na ile chai ya rangi ya babu, yenye ndimu, iitwayo sulaimani, unaipata Muscat usiku huu huu ukiitaka.

Haya, tuvuke bahari. Je, wajua kwamba Fawlty Towers, ile hoteli ya mtu na mkewe iliyowachekesha Waingereza kuliko vyote, ina sehemu 12 tu? Kumi na mbili! Sita mwaka 1975, sita mwaka 1979. Ungeianza usiku wa mwezi mosi wa Ramadhani, ikifika katikati ya mwezi umeshaisahau. Lakini mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliitaja kuwa kipindi bora cha televisheni ya Uingereza cha nyakati zote. Walioitunga, John Cleese na Connie Booth, walikuwa mtu na mkewe kweli walipoanza. Kufikia msimu wa pili walikuwa wameshaachana, na bado wakakaa meza moja wakaandika mpaka wakamaliza!

Na yule mwenye hoteli mkorofi hakutoka hewani. Mwaka 1970 Cleese na wenzake wa Monty Python walifikia katika hoteli moja ya Torquay. Mmoja wao, Eric Idle, aliacha mkoba wake wenye saa ya kengele ndani. Mwenye hoteli akausikia unalia tik-tak, akaogopa bomu, akautoa nje akauweka nyuma ya ukuta! Wenzake wakahama. Cleese akabaki, macho kodo, anamsoma tajiri yule kama mtu anayesoma barua ya urithi.

Mhudumu Manuel, Mhispania wa Barcelona asiyejua Kiingereza, wajua alizaliwa wapi? Berlin! Andrew Sachs, aliyemwigiza, alikuwa mtoto wa Kijerumani ambaye familia yake iliwakimbia Wanazi mwaka 1938. Na kipindi kilipopelekwa Hispania kwenyewe, walimgeuza Manuel akawa Mwitaliano, jina lake Paolo!

Kwetu Afrika Mashariki jambo la namna hiyo si geni. Yule Mzee Ojwang' wa Vitimbi ya KBC, mume wa Mama Kayai, Mjaluo wa lafudhi isiyo na shaka, wangapi walijua kwamba Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu? Alifariki Julai 2015, na hata leo ukiitamka sauti ile mbele ya Mkenya wa umri fulani, anacheka kabla hujamaliza sentensi.

Wapenda mikahawa, njooni Ufaransa ya vita. 'Allo 'Allo! ya BBC ina sehemu 85, kuanzia 1982 hadi 1992, na zote zinauzunguka mkahawa wa René na mkewe Edith. Mama mkwe amelala ghorofani, na redio ya siri ya wapiganaji imefichwa chini ya kitanda chake! Hapa ndipo ninapopenda zaidi: René anazushiwa kifo. Ili aendelee kuishi inabidi ajifanye pacha wake mwenyewe, ambaye naye, kwa bahati, anaitwa René. Basi mkahawa unarithiwa na mjane. Mwenye mali anageuka mfanyakazi wa mkewe, katika mkahawa ule ule, nyuma ya kaunta ile ile!

Gorden Kaye, aliyemwigiza René, alinusurika kifo cha kweli Januari 1990, pale dhoruba ilipong'oa ubao wa matangazo ukapenya kioo cha gari lake na kumjeruhi kichwani. Alipona, akarudi kaunta.

Je, wajua kuna vichekesho vya Uingereza ambamo mikahawa miwili ya Kihindi ilitazamana barabara moja, ikigombea wateja? Ni Tandoori Nights ya Channel 4, miaka ya 1985 hadi 1987. Mmoja uliitwa Jewel in the Crown, wa pili The Far Pavilions, na huo wa pili ulifunguliwa na mhudumu wa zamani wa ule wa kwanza! Sasa shika hili: majina hayo mawili yalikuwa pia majina ya tamthilia kubwa mbili za mwaka 1984 kuhusu India ya wakoloni. Na Saeed Jaffrey, aliyekuwa mwenye mkahawa wa kwanza, alikuwa ameigiza katika zote mbili. Mtu kafungua hoteli kwa jina la kazi yake ya jana, na mshindani wake kafungua kwa jina la kazi yake ya pili!

Robin's Nest, 1977 hadi 1981, ilikuwa na mpishi kijana, binti aliyempenda, na baba mkwe aliyetia mtaji na asiyemwamini hata kidogo. Muosha vyombo wao alikuwa na mkono mmoja! Mwigizaji David Kelly alikuwa na mikono yake yote miwili, na mwaka 2005 ulimwengu mzima ukamwona akiwa Babu Joe katika filamu ya Charlie and the Chocolate Factory.

Sikwambii habari za wake watunza fedha. Katika Chef! ya Lenny Henry, 1993 hadi 1996, bwana anapika kwa hasira na mke ndiye anayejua kama mwezi huu kuna mshahara. Twende mbele.

Wajua kwamba tarehe 9 Januari ni tarehe ya bahati kwa mikahawa ya runinga? Bob's Burgers nimekwisha kukutajia, 2011. Miaka minne kamili kabla yake, 9 Januari 2007, Canada ilizindua Little Mosque on the Prairie, vichekesho vya Waislamu wa mji mdogo wa nyikani, vilivyotungwa na Zarqa Nawaz. Usiku wa kwanza walitazama watu milioni 2.1! Na wote, imamu na kafiri, meya na muadhini, wanakutana kula wapi? Kwa Fatima, mama wa Kinigeria mwenye mkahawa, mkali kwa wateja na laini kwa mwenye njaa.

Wachina nao wana yao, na ni ya ajabu. My Own Swordsman, ya mwaka 2006, sehemu 80, hadithi ya nyumba ya wageni ya zama za nasaba ya Ming. Mwenye nyumba ni mjane anayemlea wifi yake mdogo. Mhudumu wake ni mwizi mstaafu. Karani ni msomi aliyefeli mitihani ya serikali. Wapo wanaojua mapigano, au wanaodhani wanajua, na hakuna anayetaka kuosha sahani!

Hata wanao pale nyumbani wanatazama mkahawa na hawajui. Katuni ya SpongeBob, iliyoanza tarehe 1 Mei 1999, iko ndani ya mkahawa wa baga chini ya bahari. Stephen Hillenburg aliyeitunga alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe vya baharini. Tajiri wa mkahawa ni kaa, na bintiye ni nyangumi! Usiniulize. Wanasayansi walipokuta uyoga mpya Borneo, wa rangi ya machungwa na wenye vitundu vitundu, mwaka 2011 waliupa jina la kisayansi la SpongeBob: Spongiforma squarepantsii.

Nikirudi Oman, je, wajua kwamba boko boko ya bibi yako iko katika orodha ya UNESCO? Mwaka 2023 mapishi ya harees yaliandikishwa kwa pamoja na Oman, Imarati na Saudia. Kahawa ya Kiarabu ilishatangulia mwaka 2015, nayo Oman imo. Kwa hiyo ukitembelewa, ukaleta halwa, ukamimina kahawa yenye hiliki katika kikombe kisicho na mkono, umetandika urithi wa dunia juu ya mkeka!

Na shuwa? Nyama ya Idi inapakwa viungo, inafungwa majani, inatiwa guniani, inafukiwa katika shimo la moto na kuachwa humo siku nzima, mara nyingine mbili. Kijijini shimo ni moja na magunia ni ya koo nyingi, ndiyo maana kila familia hutia alama yake. Fikiria kitakachotokea siku alama mbili zikifanana!

Hapo ndipo ninaposema waziwazi, na ninasema kwa moyo wote: tamthilia ya mkahawa wa ukoo wa Muscat inatakiwa, na inatakiwa jana. Bibi anaamrisha jikoni kwa Kiswahili cha Unguja, baba anapokea simu kwa Kiarabu, mpishi anajibu kwa Kimalayalamu, mjukuu anaweka kila kitu kwenye simu yake, na nje honi haziishi. Mishkaki iko mkaani, ukwaju uko bakulini. Wageni hawaji kuigiza, wanakuja kula, na kila mmoja anaingia na kisa chake. Waigizaji tunao, lugha tunazo, jiko linawaka. Wewe ungempa nani nafasi ya bibi?

Mkahawa wa runinga unaweza kuwa wa kweli kabisa, usidhani ni mbao na rangi tu. Ule mkahawa ambamo Jerry Seinfeld na wenzake wanakaa wakibishana katika vichekesho vyake, upande wa nje ni Tom's Restaurant ya New York, mkahawa wa ukoo wa Kigiriki uliopo mpaka leo. Nenda, agiza mayai, keti.

Na The Bear je? Hiyo ilianza tarehe 23 Juni 2022: mpishi wa hoteli za fahari anarudi Chicago kuokoa duka la sandwichi za nyama aliloachiwa na kaka yake. Duka lililotia wazo hilo lipo kweli, Mr. Beef, lilifunguliwa mwaka 1979, na mwana wa mwanzilishi ni rafiki wa Christopher Storer, mtunzi wa tamthilia. Sehemu ya saba ya msimu wa kwanza, jikoni kunawaka moto wa maneno kwa dakika 18 hivi, na kamera haikatwi hata mara moja!

Watu wanalia wakiitazama, lakini Septemba 2024 ilizoa tuzo 11 za Emmy, zote upande wa vichekesho. Hakuna vichekesho vilivyowahi kupata nyingi kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Rekodi ilidumu mwaka mmoja tu, The Studio ikaja na 13.

Jeremy Allen White, anayemwigiza mpishi mkuu, ilibidi apelekwe chuo cha upishi akajifunze kushika kisu. Kumbe kundini mwao mlikuwa na mpishi halisi, mwenye mikahawa yake Canada, Matty Matheson! Wakampa kazi gani? Fundi wa nyumba. Wenzake wanakaanga, yeye anatengeneza friji!